Mtoto Mchanga Huzaliwa na Jiko Lake



Siku moja ya mwezi wa saba, kule Kinangop, tulikuwa na mkutano wa kina mama juu ya lishe. Baridi ilikuwa ile mnayoijua. Kila mtu amejifunga leso juu ya sweta, na juu ya leso blanketi, kama wagonjwa waliotoroka wodini. Tulipofika mahali pa maswali, mama mmoja wa makamo alisimama akaniuliza hivi: "Mwalimu, sisi hapa tunatetemeka. Ng'ombe akinyeshewa anatetemeka, hata mbwa anatetemeka. Lakini mtoto wa siku moja, hata akiwa baridi kama jiwe, hatetemeki. Kwani yeye hasikii baridi?"

Wengine walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Karibu kila mmoja pale alijua nyumba ambayo mtoto aliondoka kwa njia hiyo, kimya kimya, usiku wa kwanza au wa pili, na asubuhi watu wakasema ilikuwa ni mapenzi ya Mungu au ni jicho la mtu fulani. Mimi nilisema nitauliza. Nikauliza wauguzi wa wodi ya watoto, nikasoma, na leo nalipa deni.

Kwanza, husikia baridi, tena kutuzidi. Mwili wake ni mdogo lakini ngozi yake ukiilinganisha na uzito wake ni nyingi, na joto hutokea kwenye ngozi. Chukua sufuria kubwa ya uji na kikombe kimoja cha uji, viache mezani, uone kipi kitapoa mbele. Tena mtoto anazaliwa akiwa ameloa, kutoka mahali penye joto kama la mwili wa mama, akaingia chumba ambacho sisi wenyewe tumevaa makoti.

Kuhusu kutetemeka, hiyo ni kazi ya misuli. Misuli ikijikaza na kulegea haraka haraka inachoma chakula, na joto linatoka, kama vile unavyotoka jasho ukilima. Mtoto mchanga hana misuli ya kutosha na hajaweza kazi hiyo. Badala yake amezaliwa na jiko. Jiko lenyewe ni mafuta ya namna ya pekee ambayo wataalamu wanayaita mafuta ya kahawia.

Mafuta meupe na mafuta ya kahawia

Mafuta tunayoyajua sote ni yale meupe, au yenye umanjano kidogo, unayoyaona ukichinja mbuzi aliyenona. Hayo ni ghala. Kila seli ya mafuta meupe ina tone moja kubwa la mafuta ambalo limejaza nafasi yote, na vitu vingine vya seli vimesukumwa ukutani. Ni kama akaunti ya kikundi benki: unaweka wakati wa mavuno, unatoa wakati wa njaa. Yanatusaidia pia kama blanketi chini ya ngozi.

Seli ya mafuta ya kahawia haiko hivyo. Ndani yake kuna matone madogo madogo mengi, na katikati ya matone hayo kumejaa vitu vidogo sana vinavyoitwa mitokondria. Mitokondria ndizo mashine za kuchoma chakula katika kila seli ya mwili, isipokuwa chembe nyekundu za damu. Zina madini ya chuma ndani yake, na mafuta haya pia yamezungukwa na vijishipa vingi vya damu. Ndiyo sababu rangi yake inakaribia rangi ya ini. Kwa maneno mengine, mafuta meupe huweka akiba, haya ya kahawia huchoma akiba na kutoa joto.

Mtoto aliyetimiza miezi yake ana mafuta hayo nyuma katikati ya mabega, shingoni, makwapani, kandokando ya mishipa mikubwa ya damu na pembeni ya figo. Si mengi. Kwa kawaida ni kati ya sehemu 2 na 5 kwa kila 100 za uzito wake. Mtoto wa kilo 3, basi, ana kama gramu 60 mpaka 150. Hiyo ya juu ni kiasi cha nusu kikombe cha mafuta ya kupikia. Ikumbukeni nusu kikombe hiyo, tutairudia.

Mashine ya posho iliyotolewa mkanda

Sasa yanatoaje joto? Hapa naomba mnisikilize polepole, maana hata mimi ilinichukua siku kadhaa kuelewa.

Fikirini mashine ya kusaga posho. Kuna injini, kuna mkanda, kuna kinu. Injini inachoma dizeli, mkanda unapeleka nguvu kwenye kinu, na unga unatoka. Joto linatoka pia, mnajua injini ile haishikiki, lakini kilichokupeleka pale ni unga. Seli zetu nyingi zinafanya kazi hivyo. Dizeli ni sukari na mafuta kutoka kwa chakula, vinachomwa kwa ile hewa ya oksijeni tunayovuta. Unga wake ni kitu kinachoitwa ATP, ambacho ndicho misuli, moyo na ubongo wanatumia kufanya kazi. Bila ATP huwezi kuinua hata kidole.

Mkanda wenyewe ukoje? Ndani ya mitokondria kuna ukuta mwembamba. Chakula kikichomwa, nguvu yake hutumika kusukuma chembe ndogo sana, zinaitwa protoni, kutoka upande mmoja wa ukuta kwenda upande mwingine. Zinarundikana huko, zinataka kurudi, kama maji yaliyozuiliwa na bwawa. Mlango wa kurudia ni gurudumu dogo. Zikipita hapo, gurudumu linazunguka, na ATP inatengenezwa. Waliotembelea yale mabwawa ya umeme ya mto Tana wataelewa mara moja.

Katika mafuta ya kahawia kuna protini moja ya ziada iliyokaa kwenye ukuta huo. Jina lake ni UCP1, na zamani iliitwa temojenini. Kazi yake ni kufungua njia nyingine ya kupitia. Protoni zinarudi kupitia njia hiyo bila kuzungusha gurudumu. Ni kama mwenye mashine ametoa mkanda akaacha injini inanguruma. Dizeli inaungua kweli kweli, lakini unga hautoki, na nguvu yote inageuka joto. Ukimwona jirani akifanya hivyo kwenye mashine yake utasema amerukwa na akili. Lakini kama usiku huo alihitaji joto na si unga, basi anajua anachofanya.

Jiko hili haliwaki ovyo. Ngozi ya mtoto ikisikia baridi inapeleka habari kwa ubongo, na ubongo unatuma amri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye mafuta yale. Pale mwisho wa mishipa inatoka dawa ya mwili inayoitwa noradrenalini. Yale matone madogo ya mafuta yanavunjwa vipande, na vipande hivyo vinafanya kazi mbili kwa pamoja: ni kuni za kuchomwa, tena ni ufunguo wa kufungua ile njia ya UCP1. Damu inayopita hapo inapata joto na kulipeleka kwa moyo na ubongo. Mtoto akipata joto la kutosha, amri inakoma. Tumboni jiko halijawashwa, kwa sababu joto la mama linatosha na kondo la nyuma linaleta vitu vya kulizuia. Kitovu kikishafungwa, kizuizi kinaondoka.

Watu waliyaona mafuta haya zamani sana kabla ya kujua kazi yake. Mwaka 1551 mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, Conrad Gessner, aliandika juu ya mnyama wa milimani anayefanana na pimbi mkubwa, ambaye analala miezi yote ya baridi. Aliona katikati ya mabega yake kitu ambacho si nyama wala si mafuta. Zaidi ya miaka 400 ilipita watu wakibishana ni nini. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Uingereza, Dawkins na Hull wakiwa miongoni mwao, walitumia vitoto vya sungura, ambao huzaliwa uchi bila manyoya, wakaonyesha kwamba mafuta haya ndiyo yanayowatia joto. Ile protini ya kutoa mkanda iligunduliwa katika miaka ya 1970.

Jiko bila kuni

Turudi kwa nusu kikombe chetu. Jiko hili linataka vitu vya kuungua, na vitu hivyo vina mwisho. Wale madaktari wa Uingereza wa miaka ya 1960 walipima miili ya watoto wachanga waliokufa baada ya kupigwa na baridi, wakakuta mafuta ya kahawia yamekauka, matone yameisha. Watoto wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wamepigana mpaka kuni zikaisha.

Linataka pia oksijeni. Mtoto aliyechelewa kulia, au anayepumua kwa shida, moto wake hauwaki vizuri hata kama mafuta yapo. Na baridi inakula sukari ya damu haraka. Sukari ikishuka, mtoto analegea. Akilegea hanyonyi. Asiponyonya hakuna kuni mpya, baridi inazidi, na sukari inashuka tena. Hapo ndipo ule ukimya unapotoka.

Nitawaambia jambo ambalo silipendi. Mwaka 2004 nilikuwa mgeni katika kazi hii, na nilikuwa nimelala kwa familia moja ya milimani wakati mama wa nyumba alipojifungua ghafla usiku. Mkunga wa kienyeji alikuwa hodari, na kitovu alikikata vizuri kwa wembe mpya. Mimi ndiye niliyesema mtoto aoshwe. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu, na usafi kwangu ulikuwa ni kila kitu. Nikapasha maji mwenyewe, nikamwagilia mwenyewe, tukasugua ule utando mweupe mpaka ukaisha. Tukamfunga kwa leso ambayo ilikuwa na unyevu, tukamlaza kando ili mama apumzike. Mtoto alilia kidogo kisha akatulia. Sote tukamsifu: mtoto mtulivu huyu, hana matata. Alfajiri nyanya yake alipomgusa, miguu ilikuwa baridi na tumbo lilikuwa baridi, na titi halitaki.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa gari la maziwa. Umeme ulikuwa umepotea, na ile mashine ya kutia watoto joto ilikuwa kama sanduku tu. Muuguzi hakubishana na mtu. Alimvua mtoto, akamkausha, akamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa leso na blanketi mbili, akamvika mtoto soksi kichwani kwa kuwa hakukuwa na kofia. Kisha akaanza kukamua maziwa ya mama na kumpa kidogo kidogo kwa kikombe. Mchana mtoto alishika titi. Aliishi. Muuguzi aliniuliza nani aliosha mtoto, na nilijibu.

Basi mambo ya kufanya yanatokana na hiyo habari ya jiko, na ukielewa jiko huhitaji kuyakariri. Chumba cha kujifungulia kipashwe joto mapema, nyuzi 25 au zaidi, dirisha na mlango vikifungwa upepo usipite. Mtoto akitoka tu, akaushwe kwa kitambaa kikavu, kichwa na mwili, na kitambaa kile kilicholoa kiondolewe. Hii ya kukiondoa tunaisahau mno. Maji yanayokauka kwenye ngozi yanaondoka na joto, kama chungu kinavyopoza maji ya kunywa. Halafu aende kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe wote wawili, na kofia kichwani, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa na joto jingi linapotelea hapo. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo nyanya wengine bado wanayakamua na kuyamwaga, ndiyo kuni za kwanza za jiko.

Kuoga kungoje angalau saa 24. Kama mila ya nyumba haikubali kabisa, basi isipungue saa 6. Ule utando mweupe si uchafu, uacheni.

Njia ya kujua kama mtoto anasikia baridi ni rahisi. Gusa miguu na tumbo kwa mgongo wa mkono wako. Vyote vikiwa na joto, ni sawa. Tumbo likiwa na joto lakini miguu baridi, jiko linafanya kazi kupita kiasi, ongeza nguo na umrudishe kifuani. Vyote vikiwa baridi, hiyo ni hatari, nenda kituo cha afya, na njiani abaki kifuani, si mikononi kwa shangazi. Kwa kipimajoto, joto la mtoto liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likiwa chini ya 36.5 ameanza kupigwa na baridi. Likiwa chini ya 32 ni hatari kubwa sana. Kuna kikundi ninachokijua ambacho kilitoa pesa za mfuko wa kikundi kununua kipimajoto na kukikabidhi kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na sijaona matumizi bora ya pesa kidogo.

Jambo jingine: usiingize jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa na kulala nalo. Makaa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke, mama na mtoto wote. Pasha chumba, kisha litoe nje. Na chupa ya maji moto usiiweke ubavuni mwa mtoto. Ngozi yake inaungua kabla hujajua.

Aliyezaliwa kabla ya wakati

Mafuta ya kahawia hujengwa hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi saba, basi, ana jiko dogo na kuni chache. Yale mafuta meupe ya chini ya ngozi karibu hana. Ngozi ni nyembamba na inapitisha maji. Huyo hawezi kuachiwa apigane peke yake hata kwa saa moja.

Njia aliyoitumia yule muuguzi ina historia yake. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa, watoto wakilazwa wawili watatu katika mashine moja na kuambukizana magonjwa. Akaanza kuwaweka watoto wadogo kifuani kwa mama zao, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Daktari mwenzake Héctor Martínez alijiunga naye baadaye. Watu wengi waliiona kama njia ya maskini wasio na vifaa. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 mpaka chini ya kilo 1.8 waligawanywa mafungu mawili. Wa fungu moja walianzishwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Wa fungu jingine walingoja kwenye vifaa vya hospitali mpaka hali yao itulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za kwanza walikufa karibu 16 kwa kila 100 wa waliongoja, na 12 kwa kila 100 wa walioanza mara moja. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Baba pia ana kifua. Nasema hivyo kwa sababu katika mikutano wanaume hutoka nje tukifika hapa. Mama akichoka, au akiwa amepasuliwa, kifua cha baba kinatoa joto vilevile, na cha nyanya pia.

Na nguruwe je?

Vikundi vyenye miradi ya mifugo hili linawahusu moja kwa moja. Mwanakondoo, mwanambuzi na ndama huzaliwa na mafuta ya kahawia, hasa kuzunguka figo. Ndiyo maana mwanakondoo aliyezaliwa kwenye umande anaweza kusimama na kuishi, mradi apate dang'a katika saa za kwanza. Asipoipata, kuni zinaisha kama za mtoto wa binadamu.

Nguruwe hana kitu hicho. Ile jini inayotengeneza UCP1 iliharibika katika ukoo wa nguruwe miaka kama milioni 20 iliyopita, na tangu hapo mtoto wa nguruwe ameachiwa kutetemeka na kulaliana na wenzake. Nimesikia wafugaji wakilalamika kwamba nguruwe anazaa kumi na mbili na kubaki saba, wakidhani amelogwa au mama ni mkali. Mara nyingine ni baridi tu: anayesikia baridi anajibanza kwa mama, na mama analala juu yake. Tengenezeni kona ya watoto iliyozibwa upepo, majani makavu tele, na taa au chanzo kingine cha joto, ili siku za kwanza pale penye watoto pawe na nyuzi 32 hivi. Vifaranga vya kuku pia havina mafuta ya kahawia, ndiyo maana bila mama au taa vinajikusanya kuku mzima mzima mpaka vya chini vinakosa hewa.

Sisi watu wazima

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mtu akikua mafuta haya yanaisha kabisa. Mwaka 2009 taarifa tatu zilitoka pamoja, za Marekani, Uholanzi na Ufini. Kwa kutumia picha maalumu za hospitali zinazoonyesha mahali sukari inapochomwa, walikuta watu wazima wengine bado wana mafuta ya kahawia yanayofanya kazi, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mabega. Yanawaka mtu akikaa kwenye baridi. Yalionekana zaidi kwa vijana kuliko wazee, na kwa wembamba kuliko wanene. Mwaka 2021 watafiti wa New York walichunguza picha za wagonjwa zaidi ya 52,000, wakaona walioonekana kuwa na mafuta hayo hawakuwa na kisukari kwa wingi kama wengine. Hiyo haisemi kwamba mafuta ndiyo yaliyozuia kisukari. Inawezekana mwenye afya njema ndiye anayebaki nayo.

Lakini wauzaji hawangoji sayansi imalize kazi. Nimeona sokoni, na kwenye simu za vijana, vidonge na majani ya chai "ya kuchoma mafuta" na "kuamsha mafuta ya kahawia". Hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kufanya hivyo salama. Na wazo la kutoa mkanda kwa dawa lilijaribiwa zamani. Kuna kemikali inaitwa DNP. Wafanyakazi wa viwanda vya mabomu Ufaransa, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, waliigusa na kuivuta, wakakonda, wakatoka jasho na homa, wengine wakafa. Mwaka 1933 huko California ilianza kutumika kama dawa ya kupunguza unene, na watu wengi wakainunua. Ni kweli ilipunguza uzito. Lakini UCP1 inatoa mkanda katika seli chache tu, kwa amri ya ubongo, na inajua kukoma. DNP inatoboa ukuta katika seli za mwili mzima na haisikii amri ya mtu. Watu waliungua kutoka ndani, joto likapanda bila kushuka, na wengine wakapata mtoto wa jicho. Mwaka 1938 serikali ya Marekani iliipiga marufuku kwa matumizi ya binadamu. Mpaka leo bado inauzwa kisirisiri kwa njia ya simu na intaneti, na bado inaua.

Msichana mmoja wa kikundi cha vijana alinionyesha pakiti ya unga wa manjano aliotumiwa na rafiki, bila jina la mtengenezaji, bila tarehe. Sijui ulikuwa nini. DNP nayo ni ya manjano. Tulikwenda naye kwa mfamasia wa hospitali tukamwachia pakiti yote.